Somo kwa Wanachama: Alama ya Kilimo Hai na Gunia la Karafuu

Wanachama wetu wameuliza: hiyo alama ya kilimo hai inayotajwa na wanunuzi wa ng'ambo ni kitu gani, na yamfaa nini mwenye mikarafuu thelathini? Suali hili si dogo, kwani aitakaye alama hutoa fedha na jasho kabla ya kuona faida. Kwa hivyo twaeleza hapa asili yake, masharti yake, na mambo ya kutazama kabla ya kutia saini.

1. Asili ya alama

Mnunuzi aliye Hamburg hawezi kuja kutazama shamba lako. Alama husimama mahali pa macho yake. Ujerumani Magharibi ndiyo iliyotangulia, mwaka 1978, kwa alama iitwayo Blauer Engel, inayopewa bidhaa zenye madhara machache kwa mazingira kuliko nyengine za namna yake. Nchi za kaskazini ya Ulaya zikafuata mwaka 1989, na Umoja wa Ulaya mwaka 1992. Lakini alama hizo ni za vitu kama rangi, karatasi na sabuni. Chakula na viungo havimo.

Kwa mazao ya shamba iko alama ya kilimo hai. Ile ya Umoja wa Ulaya, jani lililochorwa kwa nyota, ilianza kutumika Julai 2010. Huku kwetu Afrika ya Mashariki iko Kilimohai, inayofuata kanuni zilizokubaliwa na Jumuiya mwaka 2007.

Tushike jambo moja. Alama yasema namna karafuu ilivyolimwa na kutunzwa. Haisemi kuwa ni kubwa, kavu au safi. Daraja ni jambo jengine. Karafuu iliyovunda, hata ikiwa na alama, imevunda.

2. Masharti ya shambani

Kwanza, hapana mbolea za chumvi za viwandani wala dawa za sumu. Kwa miti ya kudumu kama mkarafuu, sheria ya Ulaya yataka miaka 3 ya kujitayarisha kabla ya mavuno ya kwanza yatakayoitwa ya kilimo hai. Mtu atasema, "Shamba langu halijaona dawa tangu enzi za babu." Huenda ni kweli, na sheria yaruhusu miaka iliyopita kuhesabiwa, lakini kwa ushahidi, si kwa maneno matupu.

Pili, tuwaangalie wachumaji. Wako wanaochukua bomba la dawa kuwafukuza maji moto juu ya mti. Kupuliza mara moja kwaweza kuharibu kazi ya miaka 3.

Tatu, uanikaji. Karafuu zianikwe juu ya majamvi au sakafu safi, si juu ya barabara ya lami penye mafuta na moshi wa magari. Wala zisitiwe katika magunia yaliyokuwa na mbolea au dawa.

Nne, karafuu za alama zisichanganywe na nyengine, na kila gunia liwe na maandishi: shamba gani, siku gani, kilo ngapi. Karafuu isiyo na maandishi haina asili, na isiyo na asili haipati alama.

3. Kazi ya kikundi

Mkulima mdogo hawezi gharama ya mkaguzi peke yake. Kwa hivyo sheria ya Ulaya iliyoanza tarehe 1 Januari 2022 yaruhusu kikundi. Mwenye shamba lisilozidi hekta 5 aweza kuingia. Wanachama wasizidi 2,000. Mashamba yawe karibu karibu. Na kikundi kiwe kimeandikishwa, kiuze kwa pamoja na kiwe na wakaguzi wake wa ndani.

Wakaguzi wa ndani humtazama kila mwanachama kila mwaka. Kisha huja mkaguzi wa nje, naye hukagua tena wanachama 5 katika kila 100, ila wasipungue 10. Kikundi cha watu 400 hukaguliwa 20. Cha watu 120 hukaguliwa 10, si 6. Hajui mtu nani ataangukiwa. Akionekana mmoja amepuliza dawa na kikundi kimenyamaza, cheti cha wote kimo hatarini. Mchuma janga hula na wa kwao.

4. Cheti ni cha nani?

Zamani mara nyingi cheti kilikuwa mkononi mwa mfanyabiashara anayesafirisha. Mkulima alipomwacha, alama ilibaki kwa tajiri. Kwa sheria hii ya sasa cheti ni cha kikundi chenyewe. Someni karatasi kabla ya saini. Alama pia haiondoi sheria za biashara ya karafuu; basi afikianeni kwanza na mnunuzi aliye halali, na bei ya nyongeza iandikwe.

Tuchukue mfano tu. Kikundi cha watu 60 kikilipa shilingi 6,000,000 kwa mwaka, kila mmoja atatoa 100,000. Akiuza kilo 200, gharama ni shilingi 500 kwa kilo. Nyongeza ikiwa chini ya hapo, amepata hasara. Nasi twajua mikarafuu haizai sawa kila mwaka. Msimu mbaya akipata kilo 50, gharama yapanda hadi 2,000 kwa kilo. Kwa hivyo msimu mzuri uweke akiba ya msimu mbaya.

5. Jihadharini na alama za uongo

Kuandika "rafiki wa mazingira" juu ya mfuko si alama. Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria mwaka 2024 ya kukataza madai ya jumla yasiyothibitishwa, na tarehe yake ya kuanza kutumika ni 27 Septemba 2026. Atakayewauzieni stika bila ya kukagua shamba anawauzieni karatasi.

Maswali ya kuzungumza barazani

(a) Ni nani katika mtaa wetu aliyetia dawa au mbolea katika miaka 3 iliyopita?
(b) Nani ataandika daftari, na nani atalitazama?
(c) Msimu ukiwa mbaya, ada ya mkaguzi itatoka wapi?

Yasipojibika haya matatu, msitie saini bado.