Kabla ya Kuweka Dau

MPWA: Mjomba, nataka unifundishe poka.

MJOMBA: Lete karata na bakuli la maharage. Maharage ndiyo madau yetu. Kamari dini imeikataza, na pesa haitawekwa kwenye meza hii hata shilingi.

MPWA: Wahedi wa sitini naijua vizuri. Huku turufu ni ipi?

MJOMBA: Hakuna turufu. Kopa, uru, pau na shupaza zote ni sawa. Kila mchezaji anapewa karata mbili, anazificha, kisha madau yanawekwa. Mgawaji anafunua tatu katikati, za watu wote, madau tena. Anafunua ya nne, madau. Ya tano, madau ya mwisho. Katika karata saba, zako mbili na tano za mezani, unachagua tano zilizo bora. Hii ndiyo poka ya Texas.

MPWA: Na kipi kinashinda kipi? Naona orodha ni ndefu.

MJOMBA: Ukishika sababu, orodha itajipanga yenyewe: kilicho adimu ndicho kikubwa. Karata 52 zinaweza kutoa seti 2,598,960 za karata tano tano. Seti zenye jozi moja tu ni 1,098,240, kwa hiyo jozi iko chini. Juu yake jozi mbili, kisha tatu za namba moja. Mfuatano, kama tano hadi tisa, unatokea mara 10,200. Karata tano za aina moja, kopa tupu tuseme, mara 5,108. Ndiyo maana kopa tupu zinaushinda mfuatano. Zaidi yake kuna tatu pamoja na jozi, halafu nne za namba moja, na kileleni mfuatano wa aina moja.

MPWA: Basi nikipata karata nzuri naweka dau, nikipata mbaya nasubiri bahati.

MJOMBA: Hapo ndipo wengi wanapoliwa. Dau likishawekwa una njia tatu: kulipa, kuongeza au kutupa karata. Anayeanza hupenda kulipa kwa sababu anataka kuona. Mimi nataka ujue kutupa kwanza. Karata nyingi utakazogawiwa ni za kutupa kabla hata za mezani hazijafunuliwa, hasa ukiwa wa kwanza kusema. Anayesema mwisho ameshaona wenzake wote wamefanya nini, kwa hiyo anaweza kucheza karata ambazo wa kwanza angezitupa.

MPWA: Tuseme nina kopa mbili, na mezani zimefunuliwa karata nne, mbili ni kopa. Nakosa moja tu! Hapo pia nitupe?

MJOMBA: Hesabu. Kopa ni 13, unaona nne, zimebaki tisa. Karata usizoziona ni 46. Tisa katika 46 haifiki asilimia 20. Sasa tazama bei. Fungu lina maharage 60, mwenzako anaongeza 30. Unaombwa 30 ili fungu liwe 120: unalipa robo ya fungu kwa nafasi isiyofika hata moja katika tano. Tupa. Angeweka 10, ungelipa sehemu moja ya nane ya fungu. Hapo lipa, bila wasiwasi. Karata ni zile zile. Kilichobadilika ni bei.

MPWA: Na kuzuga? Si ndiko kunakosifiwa?

MJOMBA: Kuzuga kuna mahali pake. Mwaka 2003, kule Las Vegas, Chris Moneymaker, mhasibu wa Tennessee aliyeingia mashindano makuu kupitia shindano dogo la intaneti la dola 86, alibaki na Sam Farha peke yao. Aliziwinda shupaza, zikamkosa. Akasukuma madau yake yote katikati akiwa hana hata jozi. Farha alikuwa na jozi ya tisa, akafikiri, akatupa. Moneymaker akaishia na dola milioni 2.5. Lakini angalia: alizuga mtu anayejua kutupa. Anayelipa kila dau huwezi kumzuga. Huyo msubiri upate karata, umlipishe.

MPWA: Nikishaiva, nicheze kwenye simu kwa pesa?

MJOMBA: Hapana, mwanangu. Ukiacha dini, hesabu nayo inakataa. Kwenye poka mwenye nyumba hashindani nawe. Anakata sehemu ya fungu, au anatoza ada ya kuingia. Wachezaji wenye ujuzi sawa wakikaa muda mrefu, wote wanatoka na pungufu, na pungufu hilo ndilo pato lake. Haya, changa karata. Leo kila karata unayoitupa nieleze kwa nini, na kila dau unalolipa nitajie bei yake kabla hujashika maharage.