Mashine ya Kusikilizia: Yapasayo Kujulikana Kwanza

Mzee akisema, "Sauti naisikia, lakini maneno siyapati," asidhaniwe kuwa mpumbavu wala mwenye kiburi. Uzee huondoa kwanza sauti nyembamba, kama za s, f na sh; sauti nene za a na o hubaki. Kwa hiyo "fika" na "shika" kwake huwa neno moja. Kumpigia kelele hakumfai. Semeni polepole, mkimwelekezea uso.

Basi, kabla ya kununua mashine, sikio litazamwe na daktari. Pengine limezibwa na nta tu, au lina usaha, na hayo yana dawa yake. Uziwi uliokuja kwa ghafula usingojewe hata kidogo: aende siku ile ile.

Kisha apimwe kila sikio peke yake, maana mashine hupangwa kwa kadiri ya upungufu wa mwenyewe. Ya kuazima kwa jirani ni kama miwani ya mtu mwingine.

Tena mashine haileti sikio jipya. Hukuza sauti tu. Siku za kwanza hata ufagio na sahani humsumbua, na wengi huitia sandukuni wasiitoe tena. Ni hasara kubwa! Aivae saa chache kila siku; akili huzoea kwa majuma kadhaa.

Ulizeni na bei ya betri, kwa kuwa zile ndogo za kutupa huisha upesi, pengine kwa juma moja. Nazo zifichwe watoto. Mtoto akimeza betri, apelekwe hospitali mara moja, maana yaweza kumwunguza koo.