HAKI YA MTUMISHI WA NYUMBANI



Mji wa Eldoret ulianza mwaka 1910 kwa posta iliyowekwa katika shamba nambari 64, na kwa hiyo watu wakauita Sisibo. Katika nyumba za walowezi wa wakati huo mtumishi, hata akiwa na mvi, aliitwa "boi". Walowezi wale wamekwenda zao. Je, desturi yao imekwenda nao?

Tangu Agosti 2024 Eldoret ni jiji, na ndani ya nyumba zake, kama za Mombasa na Malindi, husikika lalamiko moja: "Watumishi wa siku hizi hawana moyo wa kazi." Na tulipime neno hili. Aamkaye kabla ya adhana ya alfajiri kuteleka chai, akalala baada ya kuosha sufuria ya mwisho, kisha mshahara wake ukangoja mpaka bibi akumbuke, moyo huo ataupata wapi?

Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 yampa mtumishi siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na likizo ya siku 21 za kazi kwa mwaka, yenye mshahara kamili. Hizi ni haki, si hisani.

Mwaka 1959 mwanachuoni wa Marekani, Frederick Herzberg, alieleza kwamba ujira na hali njema ya kazi huondoa manung'uniko, lakini ari huzaliwa na kitu kingine: mtu kuaminiwa, na kazi yake kutambuliwa. Yeye aliwachungua wahandisi na wahasibu; lakini mpishi naye ana nafsi kama yao.

Nasi tuna mfano wa zamani zaidi. Anas bin Malik alimtumikia Mtume (S.A.W.) miaka kumi, na akahadithia kwamba hakuambiwa hata neno la kuudhika. Na Mtume ametuamrisha tumpe mfanya kazi ujira wake kabla jasho lake halijakauka, wala tusimkalifishe asiloliweza.

Huenda mtu akasema: "Mimi mwenyewe kipato changu ni haba." Hiyo ni kweli kwa wengi. Basi na apunguze kazi: amwite mtumishi kwa saa chache, na sahani nyingine azioshe mwenyewe. Uhaba wa tajiri hauhalalishi jasho la maskini. Na asemaye, "Namlisha na kumlaza," ajue kwamba chakula alacho yaya jikoni hakimnunulii mwanawe daftari huko kwao.

Tuanze na mambo matatu: mapatano yaandikwe, mshahara uwe na tarehe yake, na mtumishi aitwe kwa jina lake. Baada ya hayo ndipo tumuulize moyo wa kazi.

Maswali ya darasa:

1. Mtumishi wako alipumzika siku gani wiki iliyopita?
2. Lau angekuwa binti yako katika nyumba ya mtu, ungeridhika?

Wabillahi tawfiq.