Msuli wa Moyo Usiocheza: Umekufa au Umelala?

Leo darasa ni la moyo. Wengi tunadhani msuli wa moyo usiocheza ndiyo basi, umekufa. Si lazima.

Moyo nao hulishwa damu na mishipa yake, iitwayo korona. Mshipa ukizibwa na mafuta, damu hupungua. Sehemu ile kwanza hushindwa kulegea, halafu kujikaza, kisha kipimo cha umeme wa moyo hubadilika. Maumivu mara nyingi huja mwisho! Ndiyo maana ultrasaundi yaweza kuona ukuta wa moyo umezubaa kabla mgonjwa hajalalamika.

Msichanganye hali hizi tatu:

1. Msuli uliopigwa bumbuwazi: damu imesharudi, ila msuli unachelewa kuchangamka, saa au siku kadhaa. Braunwald na Kloner waliieleza mwaka 1982.

2. Msuli uliolala: damu ni haba kwa muda mrefu, nao unapunguza kazi ili uishi. Mshipa ukizibuliwa, unaweza kuamka.

3. Msuli uliokufa: limebaki kovu. Huo haurudi.

Basi mzee nyumbani akiambiwa "moyo umechoka", muulizeni daktari: umelala au umekufa? Na kifua kikimbana ghafla, asingoje kukuche. Hospitali, mara moja.