Chembe Nano na Konokono wa Maji Baridi

Mchemraba wenye upande wa sentimita 1 una uso wenye eneo la sentimita za mraba 6. Mchemraba huo ukigawanywa kuwa vijichemraba vyenye upande wa nanomita 10, jumla ya nyuso zake hufikia mita za mraba 600. Uzito haukuongezeka, kilichoongezeka ni nafasi ya kugusana na maji na viumbe. Nanomita ni sehemu moja katika milioni elfu moja za mita, na chembe zenye upana usiozidi nanomita 100 huitwa chembe nano.

Chembe hizo zina manufaa makubwa. Mwaka 2015, Dkt. Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha, alituzwa kwa kubuni chujio la maji linalounganisha mchanga na mada za nano. Chembe za fedha hutiwa katika baadhi ya nguo ili kuua bakteria. Swali la sayansi ni hili: chembe hizo zikishatumika, huishia wapi?

Tuchukue mfano wa kata ya Daudi, wilayani Mbulu. Nguo yenye chembe za fedha ikifuliwa, sehemu ya fedha hiyo hutoka pamoja na maji. Katika mitambo ya kusafishia majitaka, fedha huungana na salfa ikawa salfidi isiyoyeyuka kwa urahisi, na sumu yake hupungua. Maji yanayomwagwa uani yakafuata mteremko hadi kijitoni hayapiti hatua hiyo.

Huko majini wako moluska. Kome huvuta maji, huyapitisha katika matamvua na kunasa chakula kwa ute. Chembe nano zilizogandamana hunaswa vilevile, zikaingia katika tezi ya mmeng'enyo. Konokono hukwangua mwani juu ya mawe, na humeza chembe zilizotua hapo. Mwaka 2011 ilichapishwa taarifa ya majaribio juu ya konokono Lymnaea stagnalis: waliolishwa mwani wenye chembe za fedha walikula kidogo, na mmeng'enyo wao ukadhoofika. Aidha, ioni za fedha huzuia mwili kufyonza sodiamu, chumvi ambayo kiumbe wa maji baridi hawezi kuishi bila kuipata.

Hata hivyo, hadhari yahitajika. Majaribio mengi hutumia viwango vikubwa kuliko vile vya mitoni, na mboji iliyomo majini hupunguza ukali wa chembe. Matokeo hayo ni onyo, si hukumu.

Huenda mtu akasema kwamba konokono wafe, kwa kuwa baadhi yao hueneza kichocho. Lakini sumu haichagui. Itakayomdhuru Biomphalaria, mwenyeji wa vimelea vya kichocho, yaweza kumdhuru pia kome anayechuja maji, pamoja na konokono walio chakula cha samaki na ndege. Tiba ya kichocho isiachiwe uchafuzi.

Maswali

1. Kokotoa jumla ya eneo la nyuso iwapo vijichemraba vina upande wa nanomita 100.
2. Kwa nini kome huathirika hata chembe zikiwa chache katika kila lita ya maji?
3. Chora njia ya maji ya kufulia kutoka shuleni kwenu hadi kijito kilicho karibu. Ni wapi yangeweza kuzuiwa?