Mshauri wa Vipindi: Redio ya Kikristo Isikilize Kabla ya Kusema

Katika nyumba nyingi za Wakristo wa nchi yetu redio imepata mahali pake karibu na msalaba na picha ya Bikira Maria. Alfajiri humwamsha baba, mchana humfuata mama jikoni, na jioni watoto huigombania. Mgeni aliyepewa heshima ya namna hiyo nyumbani yafaa tumjue: ametoka wapi, asema nini, na ni nani aliyempangia maneno yake? Swali hilo la mwisho ndilo somo letu la juma hili. Twataka kuzungumza juu ya mtu ambaye wasikilizaji hawamwoni wala hawaisikii sauti yake, naye ni mshauri wa vipindi.

Huyu si mtangazaji, si fundi wa mitambo, wala si mkurugenzi wa kituo. Ni mtu mwenye ujuzi wa kazi ya redio, ambaye kituo humwita kwa muda ili akisaidie kujibu maswali machache yaliyo magumu. Twasema na nani? Watu hao wanahitaji nini? Saa ipi waweza kutusikiliza? Tutumie lugha gani na mtindo gani? Na tukiisha kusema, tutajuaje kwamba tumeeleweka? Wenye kituo wana shughuli za kila saa, na mara nyingi hawapati nafasi ya kuyafikiri hayo. Ndiyo maana wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone.

Lakini je, kila mgeni huja na dawa? Hapo ndipo penye somo.

Yaliyotokea Ngara

Ili tuupime uzito wa jambo hili, twende Ngara, pembeni mwa mkoa wa Kagera, nchi ya vilima inayopakana na Rwanda na Burundi. Watu wa Nyakisasa, wa Rulenge na wa Biharamulo hawajasahau mwisho wa mwezi wa Aprili 1994. Kwa muda wa kama siku moja tu, watu wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo juu ya mto Kagera wakitoka Rwanda, wakatua Benaco. Mahali palipokuwa pori pakawa mji wa turubai.

Nyuma ya watu hao kulikuwa na mauaji ya kimbari, na ndani ya mauaji hayo kulikuwa na redio. Kituo kilichojulikana kwa herufi RTLM kilianza kutangaza mjini Kigali mwaka 1993. Yatupasa tukumbuke jambo moja ambalo watu hupenda kulisahau: kituo kile hakikuwa kibovu kwa ufundi. Kilikuwa na muziki uliopendwa na vijana, mizaha, mazungumzo ya barabarani, na watangazaji wenye ulimi mwepesi. Watu walikisikiliza kwa hiari yao. Kisha kikatumia mapenzi hayo kuwaita wanadamu wenzao wadudu na kuchochea wauawe. Tarehe 3 Desemba 2003 Mahakama ya Kimataifa iliyokaa Arusha ilimtia hatiani Ferdinand Nahimana, mmoja wa waanzilishi wa kituo hicho. Rufani ya mwaka 2007 ilipunguza adhabu yake kutoka kifungo cha maisha hadi miaka 30, lakini hatia ya uchochezi kwa njia ya matangazo haikufutwa.

Sasa tuseme kwamba mshauri mmoja angalifika katika kituo kile akiwa na kipimo kimoja tu, yaani wingi wa wasikilizaji. Angaliwasifu sana! Angalisema, “Endeleeni vivyo hivyo.” Basi hiki ndicho kitu cha kwanza twachojifunza Ngara: wingi wa masikio hauthibitishi wema wa maneno. Mshauri asiyeuliza maneno yanamfanya msikilizaji kuwa mtu wa namna gani, huyo hajaanza kazi yake.

Mwaka 1995 Wajesuiti, kwa njia ya shirika lao la kuhudumia wakimbizi, walianzisha huko Ngara kituo cha Radio Kwizera. Neno hilo katika lugha za ng'ambo ya mpaka lina maana ya kuamini na kutumaini. Hebu fikirini ugumu wa kupanga vipindi mahali kama pale. Masikio yaliyokuwa kambini yalikuwa yamezoea redio ya chuki. Palikuwa na waliofiwa, na palikuwa na wenye damu mikononi. Nje ya kambi walikuwako wenyeji Watanzania, ambao miti yao ilikatwa kwa kuni na mashamba yao kukanyagwa, nao walikuwa na manung'uniko ya haki. Mkimbizi alitaka habari za kambini na za kwao. Mwenyeji alitaka kujua kama na yeye amekumbukwa. Kituo kikisema na upande mmoja tu, upande wa pili ungalisema, “Ile ni redio yao.” Kwa hiyo ratiba ya vipindi ilikuwa kazi ya upatanisho yenyewe. Mwishoni mwa mwaka 1996 Wanyarwanda wengi walirudi kwao, lakini kazi haikuisha, kwa maana Warundi walikuwako bado, na wenyeji walikuwako siku zote.

Kazi tatu za mshauri

Kazi ya kwanza ni kusikiliza. Tutoe mfano wa kufikiri tu. Kituo kinataka kuwafundisha wakulima wa Nyakisasa juu ya mnyauko wa migomba, ugonjwa ulioingia Kagera katika miaka ya 2000 na kuangamiza mashamba mengi. Mtayarishaji ameandika kipindi kizuri, akakiweka saa nne asubuhi. Mshauri mwema hatakwenda moja kwa moja kwenye meza ya mtayarishaji. Ataenda kijijini, aulize. Naye ataambiwa kwamba saa nne mama yuko shambani, na redio iko nyumbani au mfukoni mwa baba aliyekwenda sokoni. Mwenye kuupalilia mgomba hasikii, na anayesikia haupalilii! Ataambiwa pia kwamba watu wamesikia “kateni migomba” na wamekasirika, kwa kuwa hakuna aliyewaeleza sababu. Kumbe yafaa waelezwe polepole: kwamba wadudu huubeba ugonjwa kutoka ua dume la mgomba mmoja hadi mwingine, kwamba ua hilo liondolewe kwa kijiti chenye panda, wala si kwa kisu, maana kisu hueneza ugonjwa, na kwamba panga litumikalo shambani lisafishwe kwa moto kabla ya kugusa mgomba mwingine. Kipindi hicho kikitangazwa jioni, kikiwa na sauti ya mkulima mwenzao aliyeokoa shamba lake, kitafanya kazi ambayo hotuba kumi za saa nne hazitaifanya.

Kazi ya pili ni kupima. Nchi yetu ina mfano wake wa heshima. Mwaka 1973 ilifanyika kampeni ya Mtu ni Afya, na watu wapatao milioni mbili walijifunza kwa njia ya redio namna ya kujikinga na malaria, kichocho, minyoo na maradhi mengine. Hawakusikiliza ovyo ovyo. Walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza kipindi, wakasoma kijitabu, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka majani karibu na nyumba. Lakini kampeni ile haikuzuka ghafula. Zilitangulia kampeni ndogo za mwaka 1969, 1970 na 1971, na waliozipanga walijifunza kutoka kila moja kabla ya kupanga iliyofuata. Hiyo ndiyo hekima ya kupima: jaribu kwa wachache, sahihisha, ndipo useme na wengi. Mapadre nasi tungefaa kuiiga kabla ya kutangaza mahubiri yetu redioni!

Kazi ya tatu ni kufundisha, na kisha kuondoka. Mgeni siku mbili; siku ya tatu mpe jembe, ndivyo wasemavyo Waswahili. Nasi twaongeza: akiisha kulima nanyi, na awaachie mbegu, aende zake. Mshauri anayerudi kila mwaka kufanya kazi ile ile hakufundisha mtu. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake Inter Mirifica ya tarehe 4 Desemba 1963, ulihimiza mapadre, watawa na walei wafundishwe kazi hizi bila kukawia. Mtaguso ulitaka Kanisa liwe na watu wake wenye ujuzi na dhamiri. Haukutaka liazime ujuzi milele.

Mbinu na nia

Sasa tuje kwenye jambo nyeti, nalo ni fedha. Kituo cha Kikristo mara nyingi ni maskini. Mshauri hufika akiwa amelipiwa na shirika fulani, na shirika hilo lina nia yake. Twaona mfano katika mchezo wa redio uitwao Twende na Wakati, ulioanza Radio Tanzania mwaka 1993 kwa msaada wa shirika la Population Communications International la New York, kwa kufuata mbinu za Miguel Sabido wa Mexico. Wengi wetu twamkumbuka Mkwaju, dereva wa lori mwenye tabia za ovyo, na mkewe Tunu aliyejifunza kusimama imara. Mbinu yake ilikuwa ya akili sana: kuonyesha watu wema, watu wabaya, na watu wanaoyumba katikati, ili msikilizaji ajione mwenyewe. Waandaaji walithubutu hata kuuacha mkoa wa Dodoma bila mchezo huo hadi mwaka 1995, ili walinganishe waliosikia na wasiosikia. Mchezo ulionya juu ya UKIMWI, na katika hilo uliwasaidia wengi. Lakini ulikusudia pia kueneza uzazi wa mpango, na katika jambo hilo Kanisa lina mafundisho yake, ambayo hayakupatana na yote yaliyopendekezwa mle.

Tuseme nini basi? Tuikatae mbinu kwa sababu ya nia? La. Panga ni lile lile, likate kuni au likate mtu. Twaweza kujifunza mbinu kwa unyenyekevu kutoka kwa mtu yeyote, lakini nia lazima tuiulize wazi, mezani, kabla ya kutia sahihi. Mkurugenzi anayesema, “Fedha yao ni nzuri, tutaona mbele,” ameikabidhi mimbari ya Mungu kwa mtu asiyemjua. Na kosa la upande wa pili ni baya vile vile: kituo kinachomfukuza kila mshauri kwa kiburi, kikisema, “Sisi tuna Neno la Mungu, yatosha.” Neno la Mungu latosha kweli, ila uvivu wetu wa kulitangaza hautoshi. Rozari iliyorekodiwa vibaya, na hotuba ya saa nzima isiyotayarishwa, humfanya kijana azungushe kitufe aende kwingine. Tutamjibu nini Bwana Wetu juu ya kijana huyo?

Mshauri wa kwanza ni wewe

Wasomaji wapendwa, labda mtu atasema, “Mambo haya ni ya wakubwa wa redio, mimi wa kijijini yanihusu nini?” Yakuhusu sana. Mshauri mwenye shahada zote hawezi kujua saa unayorudi shambani, wala neno linalomwudhi bibi yako, wala jambo ambalo watoto wako wanaliogopa usiku. Hayo wayajua wewe. Kituo kisichopata barua, simu wala neno kutoka kwako kitapangiwa vipindi na wasiokujua. Usinung'unike kando ya moto. Sema na paroko wako, sema na jumuiya yako, andikia kituo. Sifu kilicho chema kwa kukitaja, na kisahihishe kilicho kibaya kwa upole na kwa sababu. Kipindi kikitukana kabila, dini au jirani, hata kwa mzaha unaochekesha, zima redio, kisha waeleze watoto kwa nini umeizima. Watu wa Ngara wameona kwa macho yao mwisho wa mizaha ya namna hiyo.

Maswali ya kuzungumza nyumbani na katika jumuiya

1. Katika nyumba yetu nani huichagua redio, na nani hapewi nafasi ya kuisikiliza? Je, kipindi kilicho kwa ajili yake kiko saa anayoweza kusikia?

2. Taja kipindi kimoja kilichobadili jambo katika maisha ya familia yenu. Kilifanywa namna gani hata kikafanikiwa?

3. Je, tumewahi kucheka maneno ya redio ambayo yangemwumiza jirani yetu kama angalikuwapo? Tulifanya nini?

4. Kama kituo cha jimbo kingetuma mtu kutuuliza twahitaji nini, tungemjibu nini kwa kauli moja?

Majibu ya swali hili la nne yaandikeni, nayo mpelekeeni paroko. Mshauri wa vipindi atakapofika, ayakute yakimngoja.