Nguvu Katika Udhaifu

Somo: 2 Wakorintho 12:7-10



Sisi tukaao huku Mwanhuzi, katika nchi ya Meatu, twakijua kiangazi. Mto hukauka, ukabaki mchanga mtupu, na mgeni apitaye husema, Hapa hapana maji. Lakini mama zetu hushuka mtoni na ndoo zao, hupiga magoti, huufukua mchanga kwa bakuli, hata maji yakachuruzika polepole. Asiyekubali kuinama hurudi na ndoo tupu. Tuushike mfano huo tunapolisoma neno la mtume Paulo.

Wakorintho walipenda walimu wenye kujisifu. Paulo naye angaliweza kujisifu, maana alipewa mafunuo makuu. Lakini aliwaandikia habari za mwiba katika mwili wake. Alimwomba Bwana mara tatu amwondolee, wala hakuondolewa. Alipewa neema ya kumtosha. Angalieni, hakusema kwamba udhaifu ni kitu chema. Ugonjwa ni ugonjwa, na njaa ni njaa. Alilolifundisha ni hili: mtu akiacha kujitegemea, hapo ndipo nguvu za Kristo humkalia.

Mambo hayo yameonekana katika nchi zetu pia. Mwaka 1929 Daktari Joe Church, Mwingereza wa hospitali ya Gahini katika Rwanda, alifika Kampala akiwa amechoka sana baada ya kazi ya wakati wa njaa. Huko Namirembe alikutana na Simeoni Nsibambi, Mkristo wa Buganda. Daktari yule, aliyetumwa kuwafundisha wengine, hakuona haya kukiri mbele yake kwamba yeye mwenyewe amepungukiwa. Wakasoma Maandiko pamoja, wakaomba. Katika miaka iliyofuata uamsho ulienea Rwanda na Uganda, ukafika hata Buhaya katika sharika za Kilutheri. Josiah Kibira alikuwa mtu wa uamsho huo; naye mwaka 1977, huko Dar es Salaam, alichaguliwa kuwa Mwafrika wa kwanza kuliongoza Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani.

Je, kwetu sisi ni namna gani? Mwaka wa ukame mzee wa kanisa huacha kuja ibadani kwa kuwa hana sadaka, wala hamwambii mtu. Mwinjilisti mwenye mashaka huwafundisha watoto wa kipaimara kama mtu asiye na shaka, na moyo wake hukauka kimya kimya. Tumewapoteza ndugu kwa njia hiyo.

Nasi tuandikao twakiri. Mwaka mmoja wa njaa tuliwaombea wengine, wala hatukuthubutu kusema kwamba chakula kimekwisha nyumbani mwetu. Jioni moja mjane mmoja alituletea kibaba cha mtama, kwa maana hakuuona moshi jikoni kwetu. Tuliona haya, kisha tukamweleza yote. Ndipo yeye naye akatuambia shida yake, aliyoificha miaka mingi kwa kudhani watu wa kanisa hawana shida. Ukimya wetu ulikuwa umemfunga na yeye.

Lakini tujihadhari. Kukiri si kujionyesha. Hata katika uamsho walikuwako waliojivunia maungamo yao na kuwahukumu walionyamaza; huko ni kujisifu kulekule kwa Wakorintho. Tena si kila jambo ni la kunenwa mbele ya watu wote. Katekisimo Ndogo ya Luther yatufundisha kuungama mbele ya mchungaji, naye hana ruhusa kuifunua siri ya mtu. Anza na mmoja aliye mwaminifu. Nawe uliyeambiwa, usiyapeleke maneno kisimani.

Maswali ya kujifunza pamoja:

1. Kwa nini Bwana hakuuondoa mwiba wa Paulo?
2. Katika usharika wetu, mtu aliyepungukiwa aweza kumwendea nani bila kuona haya?
3. Ni jambo gani tunaloficha, ambalo jirani yetu angefunguliwa akilisikia?

Bwana wetu alifanyika dhaifu msalabani kwa ajili yetu. Tusione haya kupiga magoti mchangani. Maji yako chini.

Neema na iwe pamoja nanyi nyote. Amina.